Kipima Oksijeni Chako Kimewahi Kuonja Sifuri?

Wiki mbili zilizopita, saa tano usiku, uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa dada mmoja anayefuga sato kwenye vizimba upande wa Mara. "Shikamoo kaka. Kipima kinasema 3.6 lakini sato wote wako juu, wanapigia midomo kama watu wanaopuliza chai ya moto. Niamini macho au niamini mashine?"

Nilimjibu neno moja: macho. Kisha usingizi ukakata, maana swali hilohilo niliwahi kujiuliza, nikachagua mashine.

Nilishaapa kwamba habari ya kizimba namba 6 sitaiandika. Miaka minne imepita. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo walisimuliwa na watu wenye sababu zao. Lakini mficha uchi hazai. Kila mwezi naona kijana anachukua mkopo, ananunua vizimba viwili vitatu na vifaranga, anaagiza kipima cha oksijeni mtandaoni, anakitoa kwenye boksi na kukitumbukiza ziwani palepale. Kinampa namba yenye desimali. Namba yenye desimali ina heshima yake bwana! Mtu ataiamini kuliko anavyomwamini mvuvi wa miaka sitini aliyesimama pembeni akimwambia maji yamebadilika rangi.

Mwaka ule nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku kwenye shamba la vizimba, katika ghuba moja kusini mwa Ziwa Victoria. Jina la shamba liache. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina diploma yangu, na pale shambani mimi ndiye niliyejua kukalibreti kipima, yaani kukilinganisha na kiwango kinachojulikana ili kisome sawa. Wenyewe TBS, Shirika la Viwango Tanzania, huita kazi hiyo ugezi, neno zuri tu, lakini ziwani ukisema unafanya ugezi watu watadhani unatafuta sababu ya kutobeba magunia ya chakula. Sisi tunasema kukalibreti. Kila Jumatatu asubuhi nilikaa kivulini, nikaweka sensa, ile ncha ya kipima inayoingia majini, kwenye kikombe chake chenye sponji iliyoloa, nikasubiri dakika kumi na tano, nikabonyeza kitufe. Asilimia mia, yaani shibe kamili ya hewa. Naandika kwenye daftari la zamu, nasaini. Saini yangu ilikuwa ndefu siku hizo.

Sheria ya shamba ilikuwa hivi: oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, msimamizi anawasha jenereta ya pampu za hewa na asubuhi samaki hawalishwi. Sato anakaa vizuri maji yakiwa na 5 kwenda juu, akifika 3 anaanza kuteseka, na kwenye 2 hana hamu ya chakula wala ya kitu kingine. Jenereta inakula dizeli, na dizeli ina maswali yake asubuhi. Kwa hiyo huwashi mpaka namba ikuruhusu.

Siku tatu ziwa lilikuwa limelala, maji ya kijani kwa mwani. Jioni ya siku ya nne ikapiga mvua na upepo mkali. Mliokaa ziwani mnajua kinachofuata. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu yenye joto yanakaa yametandikwa juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo na yasiyo na oksijeni ya maana. Upepo ukisukuma ya juu upande mmoja, ya chini yanapanda upande wa pili. Mwaka 2022 wenzetu wa upande wa Kenya, Kisumu na Homa Bay, walipoteza samaki wa vizimba kwa wingi wa kutisha kwa maji ya namna hiyo.

Saa nne usiku nilipima 5.1. Saa nane, 4.1. Saa kumi alfajiri, 3.3.

Mzee mlinzi alikuwa na mimi kwenye mtumbwi. Akaweka kasia magotini, akasema, "Mwanangu, hawa samaki wanalia." Nikasikia na mimi, ule mchapo mdogomdogo wa midomo juu ya maji. Nikamulika kioo cha kipima na kumwonyesha: tatu nukta tatu, mzee, bado tuko salama. Akanyamaza, akashika kasia. Ukimya ule ndio unaoniuma mpaka leo, kuliko hata maneno niliyoambiwa baadaye.

Saa kumi na mbili kasoro, 2.6. Nikakimbilia jenereta. Jua lilipotoka kizimba namba 6 kilikuwa cheupe kwa matumbo. Tulitoa sato elfu nne na ushee, wengi wao wa gramu mia nne, wamebakiza wiki chache kuuzwa.

Kikao hakikuchukua muda. Niliambiwa nililala zamuni. Daftari langu lilikuwa mezani, lina vipimo vya usiku kucha kwa mwandiko wangu, na kila namba iko juu ya 3 mpaka ile ya mwisho. Mtu mmoja akasema basi nimezibuni. Sikulala. Naandika tena kwa wale wanaosoma hapa kimyakimya na ninawajua: sikulala. Nilikuwa macho usiku mzima nikikiangalia kipima kinachodanganya.

Miezi iliyofuata naomba niiruke, haina faida kwako.

Nilichofanya cha akili ni kimoja. Kabla sijaondoka niliomba kukitumia kile kipima siku moja, nikaenda nacho kwa mwalimu wangu wa zamani wa maabara. Mama yule hakunipa pole. Alinipa chupa za Winkler. Tulijaza maji yaleyale, tukatia manganizi na iodaidi yenye alkali, likatulia tope la kahawia, tukatia asidi, tukatitresha, yaani kudondoshea kidogokidogo huku tukipima, na thiosalfeti mpaka buluu ya wanga ikafutika. Njia hiyo Lajos Winkler aliitoa Hungaria mwaka 1888, na haitumii betri wala utando. Ikatupa 2.1. Kipima changu kwenye maji hayohayo: 3.4.

Mwalimu akaniuliza, "Kwenye sifuri kinasoma ngapi?"

Nikamjibu nimekikalibreti Jumatatu, asilimia mia kamili.

"Sijakuuliza mia. Nimekuuliza sifuri."

Sikuwa na jibu. Miaka miwili kazini, sikuwahi kukionjesha sifuri. Akayeyusha unga mweupe kwenye chupa, tukasubiri, tukazamisha sensa. Ikashuka, ikashuka, ikasimama kwenye 1.8. Haikusogea tena. Maji hayana oksijeni hata kidogo, na kipima changu kinasema yana 1.8!

Sasa chukua kalamu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka. Kwetu, ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 7.2. Kipima changu kwenye 7.2 kilisoma 7.2, kwa sababu hapo ndipo nilipokikalibreti. Kwenye sifuri kilisoma 1.8. Piga mstari kati ya nukta hizo mbili. Maji yakiwa na 6, kinasoma 6.3, nani atagundua? Yakiwa na 3, kinasoma karibu 4.1. Yakiwa na 2, kinasoma 3.3. Yakiwa na 1, kinasoma 2.6 hivi. Rudi juu usome vipimo vya usiku ule. Jenereta ilitakiwa kuwaka mara tu baada ya saa nane.

Kosa linakua kadiri maji yanavyozidi kuwa mabaya. Mchana kipima kinaonekana kizima kabisa, unakisifia kwa wageni, unapiga nacho picha. Alfajiri, saa pekee ambayo unakihitaji kwa kweli, kinakupoza.

Sababu iko kwenye namna sensa ya utando inavyofanya kazi. Leland Clark wa Marekani aliitengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya kupima oksijeni kwenye damu. Oksijeni inapenya utando mwembamba wa plastiki, inafika kwenye kathodi, kile kipande cha chuma ndani ya sensa, inazaa mkondo mdogo wa umeme. Oksijeni nyingi, mkondo mkubwa. Isipokuwepo oksijeni, mkondo ungetakiwa kuisha. Lakini utando ukiwa na mkwaruzo, kathodi ikiwa na uchafu, elektroliti, ule mmumunyo wa chumvi ulio ndani, ikiwa imechoka au ina kiputo cha hewa, unabaki mkondo ambao hautokani na maji yako. Kipima hakijui tofauti, kinauhesabu kama oksijeni. Wa kwangu ulikuwa na mkwaruzo mrefu kama ukucha wa mtoto. Niliupangusa kwa fulana kila Jumatatu, kwa upendo wote.

Basi sifuri inatengenezwaje? Unahitaji sodiamu salfaiti. Ndiyo inayokula oksijeni yote ndani ya maji, yenyewe ikageuka kuwa sodiamu salfeti. Sikiliza hizo sauti mbili vizuri, salfaiti na salfeti, kwa sababu mimi sikusikiliza. Nilipopata kazi ya pili nikaagiza kwa simu dukani mjini Mwanza, nikaletewa unga mweupe, nikatia, nikasubiri saa nzima. Kipima kikabaki kwenye 7. Nikabadilisha utando. Saba. Nikabadilisha elektroliti. Saba. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba sensa mpya niliposoma kopo kwa miwani ya mtu: salfeti. Kemikali ambayo imeshakula shibe yake, haina njaa na oksijeni yangu. Niliichana ile barua. Aliyeniazima miwani ananitania mpaka leo.

Hata salfaiti yenyewe, kopo likikaa wazi miezi, inageuka salfeti polepole na rangi inabaki ileile nyeupe. Mimi huijaribu hivi: nayeyusha kidogo kwenye kikombe, nadondoshea tone la iodini ya vidonda ya duka la dawa. Rangi ya kahawia ikifutika papo hapo, salfaiti iko hai. Ikibaki, tupa.

Kipimo ninachotumia ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji safi ya bomba. Ni nyingi mno kuliko inavyotakiwa, kwa sababu kila miligramu moja ya oksijeni inahitaji kama miligramu 8 tu za salfaiti, ila ukizidisha unapata haraka na unapata uhakika. Tumia chupa yenye mdomo mwembamba, ijaze mpaka juu kabisa, koroga taratibu bila kutengeneza povu, funika. Kisha subiri. Mimi nasubiri nusu saa, na maji yakiwa safi sana nasubiri saa nzima. Wapo wanaoongeza chembe ya kobalti kloraidi ili kuharakisha. Ni sumu ile, na nusu saa ya kusubiri haijamuua mtu, kwa hiyo kwangu haiingii.

Ukizamisha sensa, itikise kidogo chini ya maji. Kiputo kimoja cha hewa kikijishika kwenye utando utasoma 0.5 au 0.8 na kumlaumu fundi. Ipe dakika tano mpaka kumi. Sensa nzima inashuka upesi mwanzoni, halafu inatambaa mpaka chini ya 0.1. Kikigoma juu ya 0.2, mimi sikubali. Nafungua, naweka kofia mpya ya utando na elektroliti mpya, na kathodi ikiwa nyeusi naisugua kwa ile karatasi laini inayokuja na kipima, naanza upya. Usikimbilie kubonyeza kitufe cha kukubali sifuri wakati sensa inasoma 1.8. Hapo unakuwa umefunika kidonda kwa plasta, na mkwaruzo utaendelea kukua chini yake. Safisha kwanza, halafu kalibreti.

Kipima chenye nafasi ya nukta mbili naanza na sifuri, nasuuza sensa kwa maji mengi, namalizia na mia. Kusuuza kusiwe kwa mzaha: salfaiti ikibaki kwenye sensa inaendelea kula oksijeni palepale, na mia yako itakuwa ya uongo. Kama kipima hakina kitufe cha sifuri, bado jaribu sifuri. Utajua kinasimama wapi. Changu kingekuwa na karatasi ya gundi mgongoni iliyoandikwa "1.8", sato wale wangeuzwa.

Salfaiti haipendi asidi; usiichanganye na ndimu wala siki wala asidi ya betri, inatoa gesi inayokaba, na mwenye pumu akae mbali kabisa. Maji ya sifuri yakimaliza kazi yamwagwe nchi kavu mbali na vizimba. Nimeshamwona mtu akiyamwaga kandoni mwa kizimba! Maji ambayo kazi yake ni kumaliza oksijeni, unampelekea sato nyumbani kwake.

Na mwinuko. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini kipima cha fulani kinasoma 8 mchana kwenye maji yasiyo na mwani. Fungua mipangilio uangalie mwinuko; kimetoka kiwandani kikiwa kwenye sifuri, usawa wa bahari. Huko Tanga au Mombasa maji matamu ya nyuzi 25 yanashiba kwenye 8.26, sisi kwenye 7.2. Usipobadilisha, kila namba unayosoma imezidishwa karibu asilimia 15. Wengine wanajifanya wajanja, wanachukua kanieneo ya hewa kutoka programu ya hali ya hewa kwenye simu na kuiingiza. Namba ile imeshasahihishwa iwe ya usawa wa bahari. Simu itakuambia Mwanza ina hektopaskali elfu moja na kumi na kitu, wakati hewa halisi unayovuta pale mwaloni ni kama 885. Weka mwinuko kwa mita, achana na simu.

Siku hizi nina sensa ya mwanga, isiyo na utando wala elektroliti. Nimeinunua kwa fedha yangu, na ina vizimba vyangu vya kupima, kumi na viwili. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu alisema sitasimamia hata bwawa la kambale. Inatulia kuliko ile ya zamani, na sifuri yake haichezi ovyo. Bado naionjesha salfaiti kila mwanzo wa mwezi, na kila baada ya kuanguka, na kila nikibadilisha kofia. Vijana wangu wanaona ni uchawi wa bosi. Nimewawekea sharti: jina lako haliingii kwenye daftari la zamu mpaka umetengeneza sifuri kwa mkono wako na kuniita nione.

Ninyi mnaoniandikia kwamba hamna muda, nawauliza muda wa kuweka picha ya kipima mtandaoni mnautoa wapi? Unataka vizimba ishirini, unataka kuuza Nairobi, unataka mkopo wa benki, na huwezi kukaa nusu saa na chupa ya maji? Kopo la salfaiti nililonalo nimelitumia mwaka na zaidi, na lilinigharimu chini ya chakula cha kizimba kimoja kwa asubuhi moja. Na mzee akikuambia samaki wanalia, washa jenereta kwanza, maswali ya dizeli utayajibu ukiwa na samaki hai. Mimi nilikuwa na kijana wa kunifundisha hayo, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye saini ndefu. Ada yake ilikuwa sato elfu nne.

Yule dada wa Mara alipata salfaiti wiki iliyopita, akaijaribu kwa iodini kama nilivyomwelekeza. Jana jioni akaandika: "Kaka, imegoma kwenye 1.5." Nikamwambia kesho asilishe kabla jua halijapanda vizuri, afungue kofia, anipigie picha ya utando karibu kabisa, mchana, asiufute na kitu chochote.

Picha imeingia wakati naandika hapa. Nimeikuza. Katikati kuna mkunjo, na chini ya mkunjo kiputo kama punje ya mtama.

"Nilikuwa naufuta kwa kanga," ameandika.